Chachu Ndani ya Unga

Kitabu kilichonifikia wiki iliyopita kinanuka mkate. Mjomba wangu Madi alikituma kutoka Tana kwa mkono wa utingo wa basi, kimefungwa kwa kipande cha gunia la unga, pamoja na karatasi yenye mistari michache: mkewe Rehema amefariki, amezikwa kwao, na kabla ya kufa aliagiza kitabu hiki apewe Esha. Esha ni mimi. Niliketi nacho jikoni kwangu hapa Kisauni, nikakinusa mara mbili, na harufu ya hamira ikanichukua hadi Burgao, uani kwa Bibi yangu, nilipokuwa na miaka tisa na mdomo usiojua kufungwa.

Nililia, sitaficha. Nililia kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu kulikuwa na jambo nililotaka kumwuliza miaka nenda miaka rudi, na kila nilipomtembelea nikaliahirisha. Nilikaribia kumponza yule mwanamke kwa ujuaji wangu. Akaokolewa na neno moja ambalo mimi niliyelisoma sikulielewa.

Neno lenyewe ni chachu. Ninyi wa rika langu mliokulia pwani ile kabla hatujatawanyika hamna haja ya kuelezwa, lakini watoto wetu waliozaliwa huku wanatucheka tukisema, kwa hiyo acheni nieleze. Penye t ya wenzetu, sisi Wabajuni mara nyingi huweka ch. Mtu kwetu ni mchu, mkate ni mkache, na tukihesabu tunasema moya, mbili, chachu. Chachu ni tatu. Kile kitu cha kuumulia mkate tulikiita hamira, tangu Kismayo mpaka Fuma na Darakasi, na utotoni mwangu sikumsikia mtu wa kwetu akikiita kwa jina jingine. Lishikeni hilo, maana kisa chote kimesimama juu yake.

Rehema alikuwa mkaza mjomba wangu. Mjomba Madi, fundi wa mashua, alikwenda Kipini kwa kazi ya kubadilisha mbao za mashua mbovu, akarudi na sanduku la zana na mke wa Kipokomo. Alikuwa Mkristo. Ndoa ilifungwa kisheria, maana mwanamume wetu ameruhusiwa kumwoa mwanamke katika watu wa Kitabu. Bibi, ambaye hakuwa mwepesi wa kupenda wageni, alimtazama siku mbili akikanda unga kisha akasema mwanawe amepata mke. Jina nalo lilisaidia, kwa kuwa Rehema ni jina la kila mtu. Alivaa buibui kama wanawake wote, majirani wakajiambia kwamba amesilimu. Hakuna aliyeuliza na hakuna aliyedanganya.

Ukweli tuliujua watu wanne tu: yeye, mjomba, Bibi, na mimi niliyekuwa nikilelewa na Bibi. Kitabu chake cha dini alikiweka ndani ya debe la unga, chini kabisa, kimefungwa nailoni, na juu yake akajaza ngano mpaka ukingoni. Siku zile barabara ya Kismayo ilikuwa mikononi mwa vijana wenye bunduki, na walichokipeleleza zaidi ni dini za watu. Kitabu kama kile kingeweza kumtoa mtu roho, yeye na mumewe. Bibi alinieleza hilo mara moja tu, akiwa ameshika sikio langu, na alilishika muda wote wa maelezo.

Rehema alikuwa akioka mikate kwenye tanuri ya udongo aliyojengewa na mjomba, na mtaa mzima ulinunua kwake. Kabla hajaja sikujua kwamba unga unaweza kuwa hai. Alikanda pishi kadhaa za unga kwa mara moja, akaziweka kwenye beseni kubwa, akafunika kwa leso, nami nikaketi mbele ya beseni nikilinda. Mwanzo ilikuwa leso tu. Kisha ikaanza kunyanyuka, polepole, bila sauti, mpaka maua yake yaliyokuwa yamelala yakasimama. Niliamini kwamba mle ndani kuna mtu anayevuta pumzi, na kwamba nikifunua ghafla nitamwona. Nilimwuliza Rehema ni nani anayefanya vile, akasema ni hamira. Nikamwuliza hamira yenyewe iko wapi, maana nilimwona akiitia na sasa siioni.

“Imeenea,” akanijibu. “Iko kila mahali humo, Esha. Huwezi tena kuitoa.”

Sijui niseme vipi jinsi jibu lile lilivyonishika. Nilikwenda nalo kisimani, nikalala nalo, nikasali nalo. Kwamba kitu kinaweza kuwamo chote, kisionekane, na bado kikafanya kazi yake. Chuoni, tulikosomea Kurani, tulikuwa tumefundishwa kwamba Mwenyezi Mungu haonekani na hana mfano wa chochote, nami nilijua vizuri kwamba hamira si Mungu, hebu msinielewe vibaya. Lakini mwili wangu ulijifunza kustaajabu pale mbele ya beseni.

Alinifunza pia kusoma herufi za Kizungu, kwa ruhusa ya Bibi, ambaye sharti lake lilikuwa moja: “Mfunde herufi. Dini yake anayo.” Rehema akalishika sharti lile kama amana. Hakunionyesha hata ukurasa mmoja wa kitabu chake. Tulisoma magunia ya unga, makopo ya hamira, pakiti za chumvi na majani ya chai, na kipande cha gazeti kilichofungiwa misumari ya mjomba. Kufika masika nilikuwa ninasoma kila kilichoandikwa Burgao, na si vingi.

Basi siku moja chuoni Mwalimu Lali akatufasiria ile aya inayowaambia watu wa Kitabu wasiseme “watatu”, wakome, ndiyo heri yao. Mwalimu Lali alikuwa mtu mpole aliyesoma Lamu, na alipofundisha hakupaza sauti, kwa hiyo lililo zito lilikuwa zito kweli. Alisema wako watu wanaomwabudu Mungu mmoja kisha wakaingiwa na hesabu, na hesabu yao wanaiita Utatu. Mtoto mmoja akauliza watu hao wataenda wapi. Mwalimu akajibu kwamba hukumu ni ya Mungu, lakini yule mtoto alikuwa na kaka mkubwa, na kaka mkubwa alikuwa amekwisha kumwambia habari za moto. Alituhadithia sote wakati wa kurudi nyumbani, kwa kirefu.

Mawazoni nilimwona Rehema na mikono yake yenye unga mpaka kwenye viwiko. Alinisuka nywele bila kunivuta. Nilipougua homa alinilisha uji kwa kijiko cha chai, tone kwa tone. Sikuweza kumwacha aende mahali kama pale kwa kosa la hesabu, kosa ambalo hata mimi niliyeshindwa kugawanya niliweza kulirekebisha. Nikaamua nitamtafutia mkaza mjomba mlango ndani ya kitabu chake mwenyewe. Ikiwa kitabu chake kinasema msiseme watatu, basi ataacha, na tutakuwa naye daima.

Kila walipokwenda kisimani yeye na Bibi, nilitia mkono debeni mpaka kwapani, nikakitoa kile kitabu, nikakifungua magotini. Mara ya kwanza niliharakisha hivi kwamba unga ulinimwagikia miguuni. Nilitafuta neno Utatu, ukurasa baada ya ukurasa, kwa kidole. Sikuliona. Nilitafuta “tatu” nikaiona tele: siku tatu, watu watatu, mara tatu, lakini hakuna pahali ilipokaa karibu na jina la Mungu kwa namna ya kunifaa. Nilikuwa karibu kukata tamaa. Ndipo likanijia wazo kwamba Mungu ni wa wote, na kitabu kikiwa chake kweli hakiwezi kusema Kiswahili cha Mombasa peke yake. Lazima atakuwa amesema na sisi pia, mahali fulani, kwa maneno yetu.

Nikaanza kutafuta chachu. Na siku ya nne, wallahi, nikaliona.

Ilikuwa ni pale Isa anapowaonya wafuasi wake. Aliwaambia waangalie, wajihadhari na chachu. Imeandikwa kabisa, herufi sita, chachu, kwa lugha ya nyumbani kwetu. Yaliyofuata yalikuwa majina ya watu nisiowajua, nikaona hayanihusu. Nywele zilinisimama. Sikufurahi kwanza, niliogopa, kwa sababu nilielewa kwamba Mungu anajua Kibajuni. Yule aliyeumba mbingu na ardhi anatujua sisi wa Burgao, ambao hata redio haitutaji. Nilikaa pale sakafuni nikatazama ukuta wa mawe, na ukuta ulikuwa umebadilika. Kisha nikachana uzi wa ukili kwenye mkeka aliokuwa akiusuka Bibi, nikauweka kwenye ukurasa ule nisije nikaupoteza, nikakizika kitabu ndani ya unga.

Nilipaswa kumwambia Rehema peke yake, taratibu. Nilikusudia hivyo. Lakini asubuhi yake chuoni Mwalimu aliturudishia aya ile ile, na mimi nilikuwa na mdomo niliowaambieni. Nikasimama nikasema hata kitabu cha mkaza mjomba wangu kinasema vilevile, nimekisoma mwenyewe.

Watoto wakageuka wote. Mwalimu Lali akaniambia keti, Esha, kwa sauti ndogo kuliko zote nilizowahi kumsikia, akaturuhusu twende mapema. Nikadhani amefurahi.

Alasiri wakaja uani Mwalimu na wazee wawili wa msikitini. Walikuwa watatu, nami sikukiona kichekesho chake. Mmoja alikuwa mzee mnyamavu asiyehesabika. Mwingine alikuwa Mzee Athumani, na huyu alihesabika sana, kwa kuwa mwanawe wa pili alikuwa pamoja na wale wa barabarani. Lolote alilolisikia Mzee Athumani kabla ya magharibi lingeweza kufika kambini kwao kabla ya isha. Alikuwa mtu mkavu, ujanani alipika kwenye meli akazunguka bandari zote hizi, kisha akarudi kwao, na tangu aliporudi hakupenda kusema ila Kibajuni na Kisomali. Mjomba Madi alikuwa Fuma kwa kazi. Nyumbani tulikuwa Bibi, mimi, na Rehema aliyekuwa akikanda, na hakuinua mikono kutoka kwenye beseni hata wageni walipokwisha kuketi.

Ni usoni kwa Bibi ndipo nilipoelewa nilichofanya. Hakunishika sikio. Alinitazama tu, na midomo yake ilikuwa imekauka.

Mwalimu Lali alisema kwa adabu kwamba mtoto ametamka jambo mbele ya watoto wenziwe, na watoto wamelipeleka majumbani, kwa hiyo ni afadhali limalizwe hapa kuliko likamalizwe kwingine. Akamgeukia Rehema, akamwuliza anasema Mungu ni wangapi.

“Ni mmoja, Mwalimu,” akasema Rehema. “Tangu utotoni nafundishwa mmoja.”

Mzee Athumani akakohoa. “Na hao wachachu?”

Nilimwona Rehema akitafuta la kusema ambalo si uongo na wala si kifo chake, na hakulipata. Mikono ilikuwa imezama kwenye kinyunya cha mkate, haitembei. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa bado ninaamini kwamba dawa ninayo. Nikakimbia jikoni, nikaingiza mkono debeni, nikatoka na kitabu mbele ya wanaume watatu, unga ukinidondoka njiani kutoka mlangoni mpaka mkekani. Bibi alitoa sauti ndogo. Sikuisikia tena kutoka kwake mpaka siku aliyofariki.

Nikafungua penye uzi wa ukili, nikasoma. Nilisoma vizuri, kwa sauti ya chuoni, pale Isa anapowaonya watu wake wajihadhari na chachu, nikakomea hapo.

Mwalimu Lali alimtazama Rehema. Rehema alimtazama Mwalimu, kisha akainamisha macho kwenye beseni. Mzee Athumani akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaweka kiganja machoni, akakaa hivyo, mabega yakimtikisika kidogo, nami nikajua kwamba moyo wake umeguswa na unalia.

“Subhana Llah,” akasema alipoondoa kiganja. “Hata kwao.”

“Mmesikia wenyewe,” akasema Mwalimu. “Mtoto amesoma. Mimi sina la kuongeza.”

Wazee wakainuka. Yule mnyamavu akaniwekea mkono kichwani, akaniombea dua. Mzee Athumani alipofika mlangoni aligeuka akamwambia Rehema, “Na hicho kilomo ndani ya unga, mwanangu, kifunike vyema. Kisingiwe na upepo.” Rehema akaitikia, akavuta leso akafunika kinyunya chake. Nilimwona mzee yule ni mtu mwema sana, ambaye hata katika mambo makubwa hasahau mikate ya watu.

Siku ya pili Mwalimu Lali alikuja mwenyewe kununua mikate, jambo ambalo kwa kawaida alimtuma mtoto. Akasimama mlangoni akamwambia Rehema, kwa uso mkavu, “Nipa mikache michachu. Na iwe ya chachu.” Rehema akaanza kucheka. Mwalimu naye akacheka, mpaka kilemba kikamwendea upande. Rehema akaketi kizingitini, akacheka, akalia, akacheka tena, akijifuta kwa mkono wenye unga. Na mimi nikacheka pamoja nao kwa nguvu zangu zote, nikiamini kwamba tunaicheka tatu, kwa kuwa tumeishinda.

Tangu hapo Mwalimu akawa anakuja baada ya alasiri, mara moja kwa juma au mara mbili. Bibi alifunga mlango wa ua, akamtandikia mkeka, akakaa yeye katikati na ukili wake. Kitabu kikatolewa debeni, kikapanguswa. Na wale wawili wakaanza kujadiliana kwa kweli, mambo ambayo siku ile ya wazee hayangeweza kusemwa. Nilikuwa nikiketi nyuma ya Bibi, sipepesi macho. Sijawahi tena kusikia watu wakishindana hivyo, bila mmoja kutaka mwenziwe aanguke.

Mwalimu alitaka aonyeshwe pahali. Alisema yeye hataki alichosema padri wala alichosema shehe, anataka kilichoandikwa. Rehema akakiri tangu mwanzo kwamba neno Utatu halimo. Akamwonyesha pale wafuasi wanapoambiwa wabatize watu kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho, akasema, angalia, Mwalimu, limesemwa jina, halikusemwa majina. Mwalimu akasoma mwenyewe, polepole, akatikisa kichwa kwa heshima, kisha akaomba aruhusiwe kufungua. Akapata pale Isa anapoulizwa amri iliyo kubwa, naye akaanza kwa kusema kwamba Bwana Mungu ni mmoja. Akapata pale anaposema Baba ni mkuu kuliko yeye, na pale anaposema saa ya mwisho haijui ila Baba. Akauliza kama Mungu anaweza asijue. Rehema akasema hilo limemsumbua tangu akiwa msichana na bado linamsumbua.

Kisha akafungua mwanzo wa Injili nyingine, akamsomea habari za Neno lililokuwako tangu mwanzo, lililokuwako kwa Mungu, na lililokuwa Mungu. Mwalimu Lali akaacha tasbihi yake ikalala mkekani. Alisema, “Hata sisi tunamwita Isa Neno lake Mola. Na tunasema ni Roho itokayo kwake. Maneno ni haya haya, mwanangu.”

“Maneno ni haya haya,” akasema Rehema. “Tumeyasikia tofauti.”

Wakatazamana, wakanitazama mimi, na safari hii hawakucheka. Bibi alikuwa ameacha kusuka. Upepo ulikuwa ukisukuma mlango, na nilihisi kwamba tumekaribia mno kitu kikubwa, kama vile mtu anavyojua kwamba kina cha bahari kimeanza kabla mguu haujakosa mchanga. Nilitaka waendelee na nilitaka waache. Mwalimu ndiye aliyeanza tena. Alisema basi Utatu ni kitu walichokusanya wasomaji, kutoka hapa na pale, hakikuandikwa. Rehema akasema ndiyo, walikikusanya, kwa sababu waliona kimeenea humo hata kama hakikutajwa. Hamira nayo huioni ndani ya mkate.

“Kweli,” akasema Mwalimu. “Lakini mimi naweza kula mkate usiotiwa hamira, nikashiba.”

Rehema akakubali kwamba anaweza. Akamfungia mikate yake, naye akaenda kusalisha magharibi.

Hatukukaa Burgao mpaka nikakua. Vita vilitusogelea, tukavuka mpaka kwa mashua ya mjomba, Bibi akiwa amekaa juu ya debe la unga njia nzima kama malkia. Yeye alifia katika kambi ya wakimbizi. Mjomba na mkewe wakaenda Tana, mimi nikaletwa Mombasa kwa mama yangu aliyekuwa amekwisha kutoka Kismayo, nikatiwa skuli. Huko ndiko mwalimu wa sayansi kimu alikoandika ubaoni neno chachu, akauliza nani analijua. Nikanyoosha mkono kabla ya wote. Nikasema ni tatu.

Darasa lilicheka mpaka kengele. Mwalimu akaniambia kwa upole kwamba ni hamira tu, mwanangu. Niliketi masikio yakiniwaka. Kwa hiyo Isa aliwaonya watu wake wajihadhari na hamira, hamira ya watu fulani, yaani mafundisho yao, kama nilivyokuja kuelezwa baadaye. Hapakuwa na Kibajuni. Niliona aibu kwa wiki nzima. Kisha aibu ikaondoka, na kilichobaki kilikuwa kikubwa kuliko aibu. Mwalimu Lali alisoma Lamu. Rehema alilelewa na Kiswahili kile cha kitabu. Walijua. Walikaa pale, mkweli kwa dini yake na mkweli kwa dini yake, mwalimu asiyewahi kuniachia hata irabu moja niikosee, wakaliacha kosa langu lipite kwa sababu kosa lile lilikuwa limebeba roho ya mtu.

Hilo ndilo nililotaka kumwuliza Rehema: ilikuwaje pale, mlipotazamana. Sikuuliza. Nilimtembelea Tana, nikala mikate yake, nikamsimulia habari za wanangu, nikasema safari ijayo.

Wiki iliyopita nilifungua kitabu hapa jikoni. Uzi wa ukili bado umo, umekuwa mweusi, kwenye ukurasa ule ule. Miaka yote hii hakuuondoa. Na kuna uzi wa pili, ambao si mimi niliyeuweka. Nikafungua. Ni mfano mfupi wa Isa kuhusu ufalme wa mbinguni, na humo yumo mwanamke aliyechukua chachu akaificha ndani ya pishi tatu za unga, mpaka wote ukaumuka. Niliusoma kwa masikio ya Mombasa. Kisha nikausoma kwa masikio ya Burgao: mwanamke ameichukua tatu yake, ameificha ndani ya unga.

Kilichofichwa ndani ya unga. Nikamkumbuka Mzee Athumani mlangoni. Miaka yote nilidhani alikuwa akisema juu ya kinyunya, na kinyunya kilikuwa ndani ya beseni, hakikuwa ndani ya unga. Alikuwa akisema juu ya kitabu. Na mtu aliyepika kwenye meli, akanunua mikate Mombasa na Tanga na Unguja, leo asijue chachu ni nini? Kile kiganja machoni, yale mabega yaliyotikisika, mzee hakuwa akilia. Alikuwa akijizuia asicheke. Kisha akaenda zake, na mwanawe hakuambiwa kitu.

Walikuwa watatu, basi, Rehema na Mwalimu na mzee, na kimya kilikuwa kimoja. Mimi ni Mwislamu, ninasema Mungu ni mmoja, na juu ya neno hilo nitazikwa, inshallah. Sisemi zaidi, nisije nikakufuru jikoni kwangu. Nasema tu kwamba niliinamisha kichwa juu ya kile kitabu, nikamstaajabia Mola aliyewaweka watu wale uani kwetu siku moja.

Nimekifunga nailoni mpya. Sikuona rafu yoyote ya nyumba hii inayokifaa, nikakipeleka kwenye debe langu la unga, nikakisukuma chini mpaka kwapani. Binti yangu alikuwa amerudi kutoka skuli. Alisimama mlangoni akaniuliza ninatia nini ndani ya unga.

“Chachu,” nikamwambia.

Akatupa mkoba wake kitini. “Basi funika vizuri, Mama,” akasema, “isiingie upepo.”